Ndege ni Saa Kumi na Moja

"Ndege ni saa kumi na moja. Mwambie mama anisubiri."

Shangazi alininyang'anya simu, akausoma ujumbe wa kaka kwa sauti. "Jioni hii anatua!"

Mama, ambaye daktari alisema hataimaliza siku, alifumbua macho.

"Nivalishe hereni. Asinikute hivi."

Nilimvalisha. Ndewe za masikio zilikuwa zimelegea, hereni zikazivuta chini. Tangu hapo aliikodolea macho saa ya ukutani, na kila mlango wa wodi ulipolia aliinua kidevu.

Saa kumi na moja ikafika. Ikapita.

"Wifi, pumzika zako," shangazi alisema huku akimenya chungwa. "Mwanao ameshakuwa mtu wa huko. Angekuwa na haja nawe angengoja mpaka ufike hapa?"

"Shangazi, jamani!"

"Kwani nimesema uongo?"

Mama alipeleka mkono sikioni, akaivua hereni ya kulia taratibu, akaiweka kiganjani mwangu na kunikunja vidole, kimoja kimoja. Ya kushoto ilimshinda.

"Akija, mwambie sikumsubiri."

Akageukia ukutani.

Muuguzi alikuwa anamfunika uso simu ilipotetemeka mkononi mwangu, juu ya hereni.

"Ndiyo kwanza tunapaa. Saa kumi na moja angani si mchezo, dada. Mama ananisubiri?"

Shangazi alijifuta vidole, akanyoosha mkono.

"Ni yeye? Lete nisome."