Mtu Aliyemuulizia Wilibrodi

Uvumi ule Bertilla aliusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Milanzi, na tangu hapo haukumtoka kichwani.

"Mama Wili, kuna mtu anamuulizia mwanao," Rhoda alimnong'oneza, debe la ulezi likiwa katikati yao. "Kapita mpaka madukani Majengo. Anataka kujua anakaa wapi, analewa au halewi, ana rafiki gani."

"Mtu wa namna gani?"

"Ningesema mshenga, lakini mshenga gani anabeba faili?"

Watu wakacheka. Bertilla hakucheka. Alijua ni nini.

Mwanawe alikuwa fundi wa kulipua mawe kwa baruti. Zamani, mwajiri alipokuwa serikali peke yake, mtu alichunguzwa mara moja basi, akafanya kazi mpaka akastaafu. Sasa barabara zimeachiwa makampuni ya watu binafsi: miezi minne kwa huyu, sita kwa yule, halafu unarudi kukaa kwa mama yako. Na mtu wa baruti akikaa siku tisini bila mwajiri, kibali chake cha polisi kinakufa. Wilibrodi alikuwa siku ya themanini na moja. Kampuni mpya ilishamkubali. Kilichobaki ni upekuzi, kule kuulizwaulizwa kwa habari za mtu, na kama upekuzi ungemkataa, asingeshika baruti tena maishani.

Bertilla aliogopa jambo moja tu. Marehemu mumewe alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbala, na shemeji zake wako huko Zambia mpaka leo. Usiku na mchana alijifunza uongo wake: mume wangu alizaliwa Matai, huku huku Tanzania, alizaliwa Matai.

Ijumaa asubuhi, Wilibrodi akiwa mjini, hodi ikabishwa. Koti safi, faili limefungwa kwa uzi, peni mbili mfukoni. Bertilla alisogeza kigoda, akaleta uji.

"Asante mama, tukiwa kazini hatuli kwa watu," yule mtu alisema. "Na jambo hili ni siri. Mwanao akijua tu kwamba nimefika, faili linafungwa na ninaanza upya. Siku zenyewe unazijua."

"Nazijua, baba."

"Kampuni mpya ina machimbo wapi?"

Akamwambia, mpaka na kona ya kuingilia.

"Baruti hutolewa stoo siku gani?"

"Jumatano asubuhi, kasema."

"Na kule stoo wanamfahamu?"

Hapo Bertilla aliona aibu. Kijana asiyefahamika na mtu, nani atamsemea? "Hata mmoja, baba. Wale wamekuja wote kutoka Mbeya, na yeye hajakanyaga hapo stoo. Lakini ni mtoto mzuri, uliza kanisani."

Mgeni aliandika kwa muda mrefu. Bertilla alikaza vidole vya miguu ndani ya kandambili, akingoja swali la baba wa mtoto. Halikuja. Mtu yule alifunua ukurasa, akafunga faili. Bertilla nusura apige vigelegele.

"Limebaki moja. Kitambulisho chake cha ulipuaji, nikakigonge muhuri. Jumatatu unacho."

Akakitoa mwenyewe kwenye sanduku, chini ya cheti cha ubatizo.

Jumapili baada ya misa Wilibrodi alipindua godoro, akamwaga sanduku lote sakafuni.

"Mama, hujakiona kitambulisho changu?"

"Sijakiona."

"Labda panya wamekipeleka kuombea kazi," alisema, akirudia kukung'uta nguo zile zile. "Mama, bila kile mimi ni mpasua kuni tu. Watasema nimekiuza!"

Bertilla aliinama akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. Angesema neno moja, faili lingefungwa. Asiposema, mwanawe anakonda mbele ya macho yake. Alibaki hapo na moshi, machozi yakapata kisingizio.

Jumatatu alikwenda kisimani mara nne ili aione njia. Hakuna mtu. Jumanne upepo ulivuma kutwa, akawa anatoka kila bati la jirani likigonga. Wilibrodi aliacha kula.

Jumatano, jua limepanda kiasi, hodi ikasikika. Alikuwa Mzee Urbano, mwenyekiti wa mtaa, na nyuma yake askari polisi mwanamke na karani mwenye fomu. Bertilla alitoka mbio, kanga inataka kuanguka.

"Shikamoo mzee! Karibuni, karibuni jamani. Mmekileta?"

"Marahaba. Tulete nini tena, mama Wili?" Mzee Urbano akacheka. "Mwanao ndiye anatafuta kazi, wewe unataka zawadi?"

Askari alikaa kwenye kigoda, akapokea uji, akanywa. Wilibrodi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Samahanini kwa kuchelewa, gari lilikuwa bovu," askari alisema. "Leo ndiyo kwanza tunafungua faili la kijana. Ila kabla hatujauliza hata jina, utaratibu unataka familia isome karatasi hii, halafu itie sahihi. Mama, kusoma unajua?"

"Nilifika la saba."

"Basi soma kwa sauti, na kijana asikie."

Bertilla aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kama alivyofundishwa shuleni, neno kwa neno, sauti ikizidi kupungua:

MAMBO YA KUEPUKA, KWA NDUGU WA MLIPUAJI

Usimtajie mtu machimbo anayofanyia kazi.

Usiseme siku ambayo baruti hutolewa.

Usiseme ni nani wanaomfahamu stoo, wala wasiomfahamu.

Usimjibu mpekuzi anayekuja peke yake, bila mwenyekiti wa mtaa.

Usimpe mtu kitambulisho chake, hata kwa saa moja.