Pumzi ya Mwatumu

Mwalimu wa sayansi aliwaagiza wanafunzi wakapime nyumbani hewa wanayoweza kuipuliza kwa pumzi moja. Mwatumu pekee aliambiwa asijisumbue, kwani ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa miezi miwili kwa nimonia.

"Nani kamwambia nitasumbuka?" alimuuliza mama yake. "Hebu nishikie dumu, mama."

Dumu alikuwa amelichora mistari, kila mstari nusu lita. Walilijaza maji, wakalipindua ndani ya beseni la maji, kisha akaingiza mpira wa maji kwenye mdomo wa dumu na kupuliza. Maji yalishuka mstari mmoja tu, kikohozi kikamkaba.

"Basi, mwanangu. Andika hiyo hiyo."

Akaandika: Jumatatu, nusu lita. Kesho yake akajaza tena, na keshokutwa. Alhamisi maji yalipofika mstari wa pili, mama alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Ijumaa mwalimu alikusanya madaftari. Mwatumu akalikumbatia lake. "Bado napima, mwalimu."

Jioni alipiga magoti mbele ya beseni, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Mama alilishikilia dumu kwa mikono miwili, na mapovu yakaanza kupanda.