Kuonja

Ini la Mzee Kingazi, mganga wa mitishamba, lilikuwa limeharibika, na sasa ugonjwa ulimpanda kichwani. Tangu asubuhi alikuwa akimwita mkewe Namsifu "mama". Hata hivyo alijichemshia dawa mwenyewe, maana ni yeye tu aliyeijua mizizi yake.

Alipoimimina, viganja vyake vilipigapiga kama mbawa.

"Mzee wangu, umechemsha mzizi gani?"

"Wa ini."

Namsifu akaokota mkekani kipande cha utupa, ile sumu ya kuvulia samaki. "Na huu?"

"Huo nao wa ini," akajibu kwa upole.

Nyumbani kwao mgonjwa hanywi dawa kabla anayemuuguza hajaionja. Mzee akamnyooshea kikombe.

"Onja, mama."

Namsifu akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.