Ngedere Mgawa Madumu

Msibishane nami, nilikuwepo, niliona kwa macho yangu haya mawili. Punda na Nyumbu waliubebea mji mzima maji, na Ngedere ndiye aliyewagawia mizigo. Kila asubuhi aliwauliza mmoja mmoja, "Hujambo?" Asiyejibu alihesabiwa mgonjwa, na madumu yake akatwishwa mwenzake.

Siku hiyo Nyumbu alinyamaza kwa uvivu tu. Punda alikuwa amevimba goti, lakini salamu haiachwi bila jibu, akasema, "Sijambo, bwana." Akabebeshwa madumu yote. Hakufika mbali. Akaanguka, madumu yakapasuka, mji ukabaki na kiu.

"Mwongo mkubwa we!" Ngedere akafoka. "Si ulisema hujambo?"

"Marehemu shangazi yangu alijibu sijambo huku anakata roho!" Punda akamaka. "Wewe ulinisalimu tu. Goti langu uliligusa lini?"

Wenye kiu wakamtwika Ngedere madumu mawili, kisha wakamuuliza, "Hujambo, bwana mgawaji?"

Magoti yakimgongana, Ngedere akajibu, "Sijambo."

Wakamwongezea la tatu.

Yote hayo ni kweli tupu. Shangazi tu ndiye niliyemtunga mimi, kwa hasira, goti likiniuma.