Pini ya Mwisho

Saa nne na dakika kumi asubuhi, lesi, kitambaa cha matundu kilichosukwa kwa mkono, ilikuwa imefungwa kwenye ufito wa juu, na pini moja tu ndiyo ilikuwa bado inaibana ukutani. Ilikuwa na urefu wa mita tano, na uzito usiozidi wa machungwa mawili. Fundi alikuwa ameisuka kwa miezi kumi na minne, kwa uzi mtupu, bila kitambaa cha kuushikilia. Kama alikuwa amekosea fundo moja, ingefumuka yote.

"Utatandika meza ya jitu gani?" alicheka shangazi yake, aliyemfundisha kusuka vitambaa vya meza. "Haitajishika hiyo, mwanangu."

"Basi chomoa wewe, Shangazi."

Shangazi alifuta miwani, akachomoa pini.

Lesi ilishuka upana wa kidole, ikatulia.

Shangazi alijiziba mdomo kwa kiganja, asije akaitikisa kwa pumzi.