Macho ya Nyamizi

Siku hizi filamu haimfungukii mtu mara ya pili. Runinga inakutambua kwa macho; ukishaitazama hadi mwisho, ukirudi inazima mpaka uondoke.

Marehemu mume wangu, Kulwa, alikuwa mtafsiri wa filamu za Kihindi, na sauti yake imebaki kwenye moja tu. Nami nilishaimaliza. Kwa hiyo humkaribisha jirani ambaye hajaiona, nikamwandalia chai na vitumbua, kisha nikajibanza nyuma ya pazia, runinga isinione, nimsikilize Kulwa akimgombeza jambazi kwa Kinyamwezi.

Jana alikuja Mama Nyamizi, mpangaji mpya, mwanawe mgongoni. Filamu ilipokwisha alikuwa anafuta machozi.

"Mama, hii ningeirudia hata kesho!"

"Wote husema hivyo, mwanangu."

Mtaa mzima sasa umeiona. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Nikaomba nimpakate Nyamizi. Ana miezi saba, na muda wote ule alilala, hata jicho hakufumbua.

"Huyu usimwonyeshe filamu hii popote," nikasema. "Akikua, niletee."

Mama yake akacheka. Alipoona sicheki, akanyoosha mikono, akamchukua mwanawe.