Nondo za Juu ya Duka

Bi Mwanaidi aliiweka picha ya duka lake mbele ya afisa wa kodi ya majengo.

"Mmenitoza kodi ya ghorofa, mwanangu. Ghorofa yenyewe iko wapi?"

Afisa aligusa, pichani, nondo zilizochomoza juu ya paa la zege. "Mthamini aliona hizi, mama, akaandika ghorofa."

"Hakupanda kuangalia?"

"Hawapandi. Rufaa yako itasikilizwa mwakani, lakini nondo zikiwepo, mthamini ajaye naye ataandika hivyo hivyo."

Nondo hizo aliziacha marehemu mumewe, ili siku moja wajenge juu waishi huko.

Alasiri Bi Mwanaidi alipanda na fundi mwenye msumeno. Nondo zilidondoka uani moja moja. Ilipobaki ya mwisho, aliishika kwa mikono miwili, na fundi akasubiri.